Gemu mpya kwenye PS4 ya zamani: namna ya kupima kabla hujatoa hela

Naendesha kibanda cha gemu Tandika, wilaya ya Temeke, na mashine zangu zote ni PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony. Wateja wangu ni madereva wa bodaboda wanaopumzika mchana, vijana wa gereji, na wanafunzi shule zikifungwa. Kila gemu mpya inapotangazwa naulizwa swali lilelile: "Kaka, hii itaingia kwenye PS4?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, itaingia. Lakini kuingia si kuchezeka, na hela ya CD mpya si ya kubahatisha. Ndiyo maana naandika hapa jinsi ninavyopima mwenyewe kabla sijanunua gemu ya kibandani, na jinsi ya kuiweka PS4 iweze kustahimili gemu nzito.

Niseme mapema ninaposimama. PS4 ilitoka Novemba 2013 na ziliuzwa zaidi ya milioni 117 duniani. PS5 ilikuja Novemba 2020. Wapo wanaosema muda umetosha, watengenezaji waiache PS4 ili gemu zisonge mbele. Nawaelewa, na kwa gemu fulani wana haki kabisa. Ila ukisema hivyo kwa gemu zote, unawafungia mlango watu ambao ndiyo kwanza wameipata mashine hiyo. Mtaani kwetu PS4 nyingi ni za mtumba. Zimeshatumika kwa watu huko nje, zikaja Kariakoo, kijana akajichanga mpaka akainunua. Kwake yeye ni mashine mpya. Gemu inayoweza kufanya kazi yake ya msingi kwenye mashine ya zamani, iletwe. Isiyoweza, isiletwe, na mtengenezaji aseme waziwazi. Kinachoniuma ni ile ya katikati: gemu inayoletwa ilimradi imeletwa, inauzwa bei kamili, halafu inakwamakwama mpaka mchezaji anaweka pedi chini.

Jua kwanza PS4 inachokea wapi

Wengi hudhani tatizo ni picha. Picha ndiyo kitu rahisi kupunguza: mtengenezaji anashusha mwonekano, anapunguza nyasi, anafifisha vivuli, maisha yanaendelea. Kwenye luninga ya inchi 32 ya kibandani kwangu hakuna mteja anayelalamikia vivuli. Mambo mawili ndiyo yanayoishinda PS4, nayo ni prosesa na diski.

Prosesa ya PS4 ni AMD Jaguar yenye viini 8 vinavyokwenda kwa kasi ya GHz 1.6. Ni ya familia iliyobuniwa kwa ajili ya kompyuta ndogo zisizokula umeme mwingi, kwa hiyo hata mwaka 2013 haikuwa na misuli. Prosesa ndiyo inayoamua watu wangapi watembee barabarani kwa wakati mmoja, adui afikirie nini, gari likigongwa vipande viruke wapi. Gemu yenye jiji lililojaa umati huichosha haraka. PS5 nayo ina viini 8, lakini ni vya aina ya Zen 2, vizazi kadhaa mbele, na kasi yake inafika GHz 3.5.

Diski ndiyo habari kubwa zaidi, na ningependa kila mwenye PS4 aielewe. PS4 ilikuja na diski ya kuzunguka, ambayo kisomeo chake kinahama huku na huku juu ya sahani kama sindano ya santuri. Machi 2020, Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS4 na PS5, alieleza hadharani kwamba diski hiyo husoma kati ya MB 50 na 100 kwa sekunde, na kupakia GB 1 kunaweza kuchukua sekunde 20 hivi. Akatoa mfano wa gemu ya Spider-Man ya mwaka 2018: vitu vya kawaida vya mtaani, kama sanduku la posta, vilibidi vinakiliwe mara nyingi sana ndani ya diski, vingine hadi mara 400, ili popote kisomeo kilipo kivikute karibu. Fikiria hapo. Sehemu ya ule ukubwa wa gemu unaokula nafasi yako ni nakala za vitu vilevile, zilizowekwa kwa sababu diski ni nzito wa miguu. SSD ya PS5, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, husoma GB 5.5 kwa sekunde, haihitaji mchezo huo.

Kwa hiyo anzia hapa kila unaposikia gemu mpya: jiulize dunia ya gemu hiyo ni kubwa kiasi gani, na mchezaji anaipita kwa kasi gani. Mpira ni uwanja mmoja, wachezaji 22, mpira mmoja. Vyote vinapakiwa kabla ya filimbi, na baada ya hapo diski imepumzika. Ngumi ni ulingo mmoja na watu wawili. Kikapu hivyohivyo. Gemu za namna hii PS4 inazimudu mpaka leo, na ushahidi upo: EA Sports FC 26 ilitoka Septemba 2025 ikiwa na toleo la PS4, mashine ya miaka karibu 12. Na si mara ya kwanza. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, na FIFA 14 ya mwaka 2013 (FIFA ndilo jina la zamani la FC) bado ilikuwa na toleo lake. PS3 ilisindikizwa mpaka FIFA 19.

Lakini usidhani kila gemu nyepesi italetwa. Street Fighter 6, ya Juni 2023, ipo kwenye PS4. Tekken 8, ya Januari 2024, haipo. Zote ni watu wawili wanapigana mbele ya mandhari. Tofauti ni kwamba Capcom, wenye Street Fighter, walitumia injini yao wenyewe (programu ya kujengea gemu), RE Engine, iliyokuwa imeshazoea PS4, na Bandai Namco wakajenga Tekken juu ya Unreal Engine 5 wakilenga mashine mpya tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "PS4 haiwezi tena," mjibu kwamba wakati mwingine inaweza, ila mtengenezaji kachagua njia nyingine. Ana haki ya kuchagua. Kwa Tekken mimi nilisikitika kweli, maana Tekken 7 ndiyo gemu ya pili kwa kuchezwa kibandani baada ya mpira, na wale vijana wa gereji wanaipenda kuliko chochote.

Soma jalada, halafu tafuta video sahihi

Jalada la CD ya PS4 lina utepe wa bluu juu. La PS5 lina utepe mweupe. Litazame mwenyewe kwa macho yako, usimwachie muuzaji. CD ya PS5 haisomi kabisa kwenye PS4, hata kama jina la gemu ni lilelile na picha ya mbele ni ileile. CD ya PS4 inaingia kwenye PS5 yenye tundu la CD na inacheza, isipokuwa gemu chache sana. Maana yake ni kwamba mwenye PS4 anayewaza kuhama baadaye yuko salama zaidi akinunua CD za PS4. Baadhi ya gemu humruhusu mwenye CD ya PS4 kupata toleo la PS5 bure, nyingine humtoza nyongeza. God of War Ragnarök, kwa mfano, nyongeza yake ni dola 10.

Baada ya jalada, video. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Tangazo la gemu mara nyingi hurekodiwa kwenye mashine yenye nguvu kuliko zote, na ukilitazama kwenye simu kila kitu kinang'aa. Lisikupe uamuzi. Ingia YouTube, andika jina la gemu na "PS4", kisha hakikisha aliyerekodi anatumia PS4 ya kawaida au Slim (ile nyembamba), si Pro. Pro ina prosesa ya GHz 2.13 na sehemu ya picha yenye nguvu zaidi ya mara mbili, kwa hiyo haikuhusu kama huna. Chaneli ya Digital Foundry hupima mashine moja moja na kuonyesha fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinapita kila sekunde; zikiwa chache, mwendo unakatika. Hata kama Kiingereza kinakupita, ile namba ya pembeni inasomeka.

Ukiitazama video, usiangalie uzuri. Angalia mambo matatu. Mchezaji akigeuka ghafla, vitu vinakuwepo au vinachipuka mbele yake? Watu wakiwa wengi, mwendo unabaki laini au unakatika? Akifa, anasubiri muda gani kurudi? Hilo la tatu watu hulipuuza, na kwenye kibanda cha kulipia kwa dakika ndilo linalonifukuzia wateja. Kijana amelipia nusu saa, robo yake anatazama duara linazunguka.

Mfano ambao kila mwenye PS4 anapaswa kuujua ni Cyberpunk 2077. CD Projekt Red waliitoa tarehe 10 Desemba 2020 kwenye PS4 na Xbox One, mashine ya Microsoft ya kizazi hichohicho. Kwa PS4 ilikuja kwenye CD mbili. Kabla ya kutoka, waandishi walipewa kuipima kwenye kompyuta, na matoleo ya mashine za zamani hayakuonyeshwa inavyotakiwa. Ilipofika mikononi mwa watu, kwenye PS4 ya kawaida ilikuwa inakatika, inafunga yenyewe, nyuso za watu zinachelewa kuja. Siku chache baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia watu hela, na haikurudi dukani mpaka Juni 2021. Kisha apdeti kubwa ya 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty zilipokuja Septemba 2023, PS4 ikaachwa nje.

Mimi sisemi walikosea kuiacha PS4 mwaka 2023. Gemu ile ni jiji zima, lenye umati na magari yanayokwenda kasi, yaani kila kitu nilichosema kinaishinda prosesa na diski. Walikosea mwaka 2020, walipochukua hela ya mwenye PS4 kwa kitu ambacho hawakuwa tayari kumwonyesha. Ndiyo sababu nina sheria moja ninayompa kila anayeniuliza: kama gemu inatoka wiki ijayo na bado hakuna video ya toleo la PS4, usilipie mapema. Subiri itoke, subiri na apdeti ya kwanza.

Kuchelewa nako si dalili mbaya siku zote. Hogwarts Legacy ilitoka kwenye PS5 Februari 2023, na toleo la PS4 likasogezwa hadi Mei. Wapo waliokasirika. Mimi niliona ni heshima kwa mnunuzi: wamekiri kwamba mashine ya zamani inahitaji kazi ya ziada, na wameifanya hiyo kazi kabla ya kuuza.

Uliza toleo la PS4 limekatwa nini

Jina moja, gemu mbili tofauti. Hili lilianza zamani. Call of Duty: Black Ops III ya mwaka 2015 ilipokuja kwenye PS3 na Xbox 360 haikuwa na ile sehemu ya hadithi kabisa, ulibaki mchezo wa mtandaoni na ule wa mazombi. Mtu aliyenunua ili acheze hadithi peke yake nyumbani, alinunua nusu.

Kwa upande wa mpira, FIFA 18 na FIFA 19 za PS3 ziliandikwa Legacy Edition juu ya jalada, na maana yake ilikuwa kwamba umepata vikosi vipya na jezi mpya, lakini uchezaji ni wa zamani. Hilo nalikubali. Kwa mteja wa kibandani, vikosi na jezi ndiyo jambo lenyewe; anataka mchezaji aliyesajiliwa majira haya amwone kwenye timu yake mpya. Wakiandika kwenye jalada kwamba ni hivyo, na bei ikaendana, sina neno.

Tofauti ya FC ya PS4 na ya PS5 ni ya namna hiyo, ila si kubwa kiasi hicho. Tangu FIFA 22, teknolojia ya mijongeo inayoitwa HyperMotion imewekwa kwenye mashine mpya tu. Wachezaji wa PS5 wanakimbia na kugeuka tofauti, na aliyezoea upande mmoja akihamia mwingine inamchukua muda kuzoea pasi na uzito wa mpira. Kama unajiandaa kwa mashindano, ulizia mapema yatachezwa kwenye mashine gani, ufanye mazoezi kwenye hiyohiyo.

Kuna na jambo la kukutana mtandaoni. Katika gemu za mpira za EA, kucheza kati ya mashine tofauti kuliletwa kwa upana FIFA 23, lakini kila kizazi na chake: PS4 na Xbox One pamoja, PS5 na Xbox Series pamoja na kompyuta. Kwa hiyo wewe wa PS4 Dar huwezi kukutana na binamu yako wa PS5 aliyeko Muscat, hata kama mna gemu ya jina moja. Dawa yake ipo: yeye aweke toleo la PS4 kwenye PS5 yake, CD ya PS4 inatosha, na hapo mtaonana uwanjani. Watu wengi hawalijui hili na wanaishia kulaumiana kuhusu intaneti.

Kama hela ya CD haipo kabisa, eFootball ya Konami inapatikana bure kwenye PS4 tangu 2021, na kwa kuwa ni ya bure haikulazimu kulipia PS Plus, ule usajili wa Sony, ili ucheze mtandaoni. Kwa kijana anayeanza, mimi humwelekeza huko kwanza.

Piga hesabu ya nafasi na bando

PS4 nyingi za mtumba zina diski ya GB 500, na mfumo wenyewe umeshachukua sehemu yake. Gemu moja ya Call of Duty peke yake huvuka GB 100. Halafu kuna tabia moja ya PS4 inayowachanganya watu: ikipakua apdeti, inanakili faili la gemu kabla ya kuliunganisha, kwa hiyo inadai nafasi kubwa kuliko apdeti yenyewe. Unaambiwa nafasi haitoshi wakati kwa hesabu yako inatosha. Kabla ya kununua gemu kubwa, acha nafasi tupu inayokaribia mara mbili ya ukubwa wake.

Na CD si gemu kamili siku hizi. Kinachokuja kwenye CD ni mwanzo. Marekebisho yako mtandaoni. Kama unategemea bando la simu, tafuta ukubwa wa apdeti kabla hujafika dukani, ujue gharama halisi ya gemu ni CD pamoja na bando. Mimi hupakulia usiku, bando la usiku likiwa la bei nafuu, na hufungua mashine moja tu kwa wakati mmoja ili zisigombanie.

Badilisha diski, ndiyo pesa inayorudi haraka

Kama ungeniambia nitumie hela kwenye kitu kimoja tu katika PS4, kingekuwa SSD. Haitaongeza fremu, nisikudanganye. Prosesa inabaki ileile. Lakini mashine inawaka haraka, gemu inafunguka haraka, na kule kusubiri baada ya kufa kunapungua. Sony wameruhusu mwenye mashine kubadilisha diski mwenyewe, kwa hiyo huhitaji fundi.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene usiozidi milimita 9.5. Nyingi madukani ni za milimita 7, zinaingia vizuri. Kabla hujagusa skrubu, hifadhi kumbukumbu za gemu zako kwenye flashi: ingia mipangilio, sehemu ya data za gemu zilizohifadhiwa, nakili kila kitu. Mtu akipoteza msimu wake wa Career Mode (ule mchezo wa kuendesha timu msimu hadi msimu) aliouchezea miezi, hutamlipa kwa chochote, na nakwambia kama mtu anayetunza misimu ya wateja.

Sasa flashi nyingine. Iandae kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, tengeneza folda iitwe PS4, ndani yake folda iitwe UPDATE, na ndani ya hiyo weka faili PS4UPDATE.PUP, herufi zote kubwa. Faili hilo lichukue tovuti ya PlayStation yenyewe, na uchague lile la kusakinisha mfumo mzima, lenye ukubwa wa karibu GB 1. Yapo mawili pale, na lile dogo la apdeti halitakubali kwenye diski tupu.

Zima mashine kabisa, isilale, izimike. Chomoa waya wa umeme na HDMI. Kwenye PS4 Slim utaona kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kona ya nyuma. Kivute taratibu kwa kucha mpaka kiachie. Ndani kuna skrubu moja yenye alama za vitufe vya pedi: duara, msalaba, mraba, pembetatu. Ifungue kwa bisibisi ya nyota inayoenea sawasawa, kwa sababu kichwa chake kikichubuka umejitafutia kazi. Shika fremu ya chuma, vuta nje kwa kunyoosha. Diski imeshikwa na skrubu ndogo pembeni. Zitoe, weka SSD ikiangalia upande uleule, rudisha, sukuma mpaka uhisi imekaa.

Unganisha pedi kwa waya wa USB, si bila waya. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie. Utasikia mlio wa kwanza, endelea kushikilia, baada ya sekunde kama 7 utasikia wa pili, ndipo uachie. Skrini itakupa orodha. Chagua namba 7, ile ya kusakinisha mfumo upya, flashi ikiwa imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii ni balaa, kwa hiyo ifanye mashine ikiwa kwenye UPS (kile kifaa chenye betri ya akiba) au wakati unaouamini.

Orodha hiyohiyo ina chaguo namba 5, la kupanga upya orodha ya data. Halifuti gemu wala kumbukumbu. Mimi hulitumia kila mashine inapoanza kuwa nzito kwenye menyu, na mara nyingi linatosha bila kununua chochote.

Kama hela ya SSD haijapatikana na shida yako ni nafasi tu, diski ya nje ya USB 3.0 yenye kuanzia GB 250 inakubalika, na gemu zinacheza kutoka humo. Kumbukumbu zenyewe hubaki ndani ya mashine.

Vumbi nitalisema kwa ufupi kwa sababu kila fundi atakwambia: Dar kuna vumbi na joto, na PS4 inayonguruma kama inataka kupaa inaomba kusafishwa feni na kupakwa upya ile dawa ya kijivu juu ya prosesa. Gemu nzito kwenye mashine chafu itajizima katikati ya mechi, halafu utailaumu gemu. Iweke mahali wazi, isiegemee ukuta.

Wakati wa kuhama

Kuna gemu ambazo hakuna namna. Spider-Man 2 ya Oktoba 2023 ilikuja PS5, haikuletwa PS4, na ukimwona anavyoruka juu ya jiji kwa ile kasi unaelewa kwa nini. Grand Theft Auto VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S pekee. Vijana wananiuliza kila siku kama italetwa PS4, kwa sababu GTA V ilianza PS3 mwaka 2013 ikaja PS4 mwaka uliofuata. Usikae unangoja. Yeyote anayekuuzia "GTA VI ya PS4" anakuuzia uongo.

Na seva nazo huzimwa. GTA Online ya PS3 na Xbox 360 ilifungwa tarehe 16 Desemba 2021. Gemu unayoipenda kwa ajili ya mtandao ikitangaza tarehe ya kufunga upande wa PS4, hapo ndipo pa kuanza kuweka akiba. Kwa mchezaji wa mpira nyumbani na ndugu zake wawili, hakuna haraka hiyo. Vikosi vipya bado vinakuja.

Ukifika wakati huo na unanunua PS5 ya mtumba, swali la kwanza liwe tundu la CD, kabla ya bei. Toleo la Digital halina, na CD zako zote za PS4 zitakuwa mapambo. Zile nyembamba zilizoanza kutoka Novemba 2023 zinaweza kuongezewa kisomeo cha CD pembeni, lakini kisomeo hicho kinahitaji intaneti mara ya kwanza kinapounganishwa na mashine. Kwa hiyo nenda dukani ukiwa na bando kwenye simu na CD yako moja ya PS4 mfukoni. Kiunganishwe hapohapo mbele ya muuzaji, ingiza CD, na usitoe hela mpaka gemu imefunguka na umeshacheza mechi moja.